Corvette yenye supachaja ilivyochapwa na Miata kwenye koni

Wakuu hii ni stori ya gari moja tu la otokrosi, mbio za kupita katikati ya koni, na kama msimu mmoja na nusu hivi, nimeamua kuiandika yote maana kila nikigusia kwa kifupi naulizwa "sasa mlikosea wapi" na jibu la sentensi moja sina.

Gari ni Corvette C5 Z06 ya 2002. Siyo yangu, ni ya jamaa yangu, humu nitamwita mwenye gari, mimi nilikuwa mshika spana na mtu wa laptopu. Kwa wasioijua, hiyo ina injini ya LS6, V8 ya lita 5.7, kiwandani inatoka na hospawa 405 (nguvu za farasi) na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 542, uzito wake ni kama kilo 1,410 tu, na gia boksi wameiweka nyuma pamoja na difu ili uzito ugawane karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma. Yaani kwa mchezo wa koni hilo gari likiwa halijaguswa kitu tayari ni silaha. Likumbukeni hilo maana sisi tulilisahau.

Otokrosi yenyewe wengi mnaijua. Eneo kubwa la lami au zege, koni zimepangwa, gari linaingia moja moja, unashindana na saa. Raundi moja mara nyingi haifiki dakika, unapewa raundi chache na inahesabiwa ile bora. Ukiangusha koni au ukaisukuma ikatoka kwenye alama yake unaongezewa sekunde 2 kwa kila koni (ndo kanuni ya SCCA, klabu ya mbio za magari kule Marekani, na wengi wanaifuata), na sekunde 2 kwenye mchezo ambao watu wanapishana kwa sehemu ya elfu ya sekunde ni kama kuambiwa rudi nyumbani. Spidi siyo kubwa, muda mwingi uko kati ya kilomita 40 na 90 kwa saa, ukivuka 100 ujue waliopanga koni siku hiyo walikuwa na moyo mkunjufu.

Sasa, njia ya koni inabadilika kila siku ya mashindano kwa hiyo huwezi kusema "mwezi uliopita nilipiga 52 leo nimepiga 48 nimeimarika", hizo ni namba za njia mbili tofauti. Sisi tulipata rula ya kupimia: kuna jamaa mmoja anaendesha Mazda Miata ND, lita 2.0, hospawa 181, uzito kama kilo 1,060, gari limetulia, dereva ametulia, hakosi mashindano na habadilishi kitu. Kila siku tulikuwa tunaandika tumeachana naye kwa kiasi gani. Kabla hatujagusa chochote Corvette ilikuwa inachapwa na Miata kwa kama sekunde 0.6. Ndiyo, hospawa 405 inachapwa na 181, na hapo ndo roho ya mwenye gari ilipoanza kuuma.

Utambuzi wake ulikuwa mmoja. Gari halina nguvu ya kutosha. Mimi nilikuwepo na sikubisha kwa hiyo msinione mjanja. Ikanunuliwa supachaja, pampu ya kusukumia injini hewa zaidi, ile ya aina ya sentrifugo (ya feni) inayofungwa mbele ya injini na kuzungushwa na mkanda, na intakula yake ya kupoza hiyo hewa, na mapu mpya ya kompyuta, yaani mpangilio wa mafuta na moto wa injini. Wiki mbili za kazi. Kwenye mashine ya kupimia toki ya juu ilikuwa imepanda kwa kama asilimia 40, na ukiwasha sauti yake ya filimbi ile unajisikia mtu.

Siku ya kwanza nayo nakumbuka vizuri. Mwenye gari karudi kutoka raundi ya tatu, uso umemjaa tabasamu, mikono inatetemeka kidogo.

"Vipi kaka?"

"Inakwenda bwana. Balaa tupu, hujawahi kuona."

"Nimeiona. 49.3."

Akanyamaza. "Na koni?"

"Mbili."

Miata siku hiyo ilikuwa na 47.9 safi. Yaani hata ukitusamehe koni zote tumetoka kuachwa 0.6 tumefika kuachwa 1.4, kwa gari lenye nguvu zaidi, kwa hela zaidi, kwa wiki mbili za kulala chini ya injini.

Hapa ndo nikakaa na laptopu. Tulikuwa na kifaa cha GPS na kilikuwa kinasoma pia pedali ya mafuta kutoka kwenye kompyuta ya gari, na jamaa wa Miata ni muungwana, akatupa faili yake ya raundi ileile. Sikuangalia spidi kwanza, niliangalia kitu kimoja: kwa raundi nzima mguu umekaa chini kabisa kwa muda gani. Miata: kama sekunde 24. Sisi kabla ya supachaja, kwenye njia inayofanana: 11. Sisi baada ya supachaja: 6 na kidogo.

Sita! Tumeongeza nguvu halafu tunaitumia nusu ya muda tuliokuwa tunaitumia mwanzo. Mstari wa pedali kwenye skrini ulikuwa kama meno ya msumeno, anakanyaga, anaachia, anakanyaga nusu, anaachia, wakati wa Miata ulikuwa kama ngazi, juu, chini, juu, chini, hana wasiwasi.

Nikafanya hesabu ambayo ilitakiwa ifanyike kabla ya kununua chochote, nitaiweka hapa kwa makadirio. Uwiano wa gia ya pili ya hiyo gia boksi ni 2.07, wa difu ni 3.42, ukizidisha unapata kama 7.08. Toki ya kiwandani Nm 542 ukiizidisha na hiyo, ukatoa kama asilimia 15 inayoliwa njiani na gia na beringi, ukagawa kwa nusu kipenyo cha tairi ambayo ni kama mita 0.33, unapata nguvu ya kusukuma ya kama newton 9,800 pale tairi inapogusa lami. Haya, tairi za nyuma zinaweza kupokea kiasi gani? Gari na dereva na mafuta tuseme kilo 1,500, nusu iko nyuma, ongeza uzito unaohamia nyuma ukikanyaga mafuta, zidisha na mshiko wa tairi nzuri ya barabarani, unapata kama 9,900.

Mnaona? 9,800 na 9,900. Gari la kiwandani, gia ya pili, usukani umenyooka, tayari linatumia karibu kila kitu tairi ilichonacho. Weka asilimia 40 juu yake unafika 13,700 na hiyo ziada haina pa kwenda isipokuwa kwenye moshi wa tairi. Na hapo ni usukani umenyooka, jambo ambalo kwenye koni ni nadra. Tairi ina mkate mmoja tu, kona inakula na mafuta yanakula kwenye sahani ileile. Mgawanyo wenyewe unakwenda kwa mraba (0.8 mara 0.8 jumlisha 0.6 mara 0.6 ni 1), ukitumia asilimia 80 kwenye kona inayobaki ya kusukuma mbele ni 60 (siyo 20 kama mtu anavyodhani), lakini hata hiyo 60 ni kama newton 5,900, yaani injini ya kiwandani tu ilikuwa inamlazimu apime mguu. Tulikuwa tumenunua maji kwa ajili ya ndoo iliyojaa.

Halafu kuna namna nguvu yenyewe inavyokuja, na kwangu hili lilikuwa baya kuliko ukubwa wake. Supachaja ya sentrifugo inasukuma hewa zaidi kadiri injini inavyozunguka kwa kasi. Ukitoka kwenye kona injini iko mizunguko 3,500 kwa dakika, ukikanyaga unapata kitu cha kawaida, gari linatulia, unajiamini, unakanyaga zaidi, injini inafika 5,000, boosti (presha ya hiyo hewa) inapanda, na pale pale ambapo bado hujanyoosha usukani toki inaongezeka yenyewe bila mguu wako kusogea. Mkia unakimbia. Dereva anashtuka anaachia mafuta, uzito wote unahamia mbele, nyuma inabaki nyepesi na mkia unakimbia mara ya pili upande mwingine. Koni zetu mbili zilianguka hivyo hivyo, niliona kwenye video, ya kwanza kwa kukanyaga na ya pili kwa kuachia. Mtu akishatishwa hivyo mara mbili mguu wake unajifunza woga na hakuna mapu ya kompyuta inayouondoa.

Nyongeza ndogo, yale mavitu yote, supachaja na breketi na intakula na mabomba, ni kama kilo 40 na zote ziko puani. Kwa hiyo pua nayo ikawa inagoma kuingia kwenye kona. Gari likawa linagoma kuingia na linakataa kutoka, katikati ndo palikuwa pazuri.

Nikampelekea mwenye gari hiyo michoro. Hakukubali, na namuelewa, hela imetoka. Akaja na wazo lake, tubadilishe difu tuweke 3.90 ili gari liwe jepesi kutoka kwenye kona. Hili nalo tulilifanya jamani, naandika bila aibu. Difu ya 3.90 inaongeza nguvu ya kusukuma kwa asilimia 14 nyingine kwenye tairi ambazo zimeshalia mwezi mzima, na inapunguza mwisho wa gia ya pili. Kwa 3.42 injini ikifika 6,500 gia ya pili inakupeleka karibu kilomita 115 kwa saa, hiyo inatosha karibu njia zote za koni, unaingia gia ya pili baada ya kuanza na unaisahau gia mpaka umalize. Kwa 3.90 unagonga ukuta kwenye 101. Mashindano yaliyofuata njia ilikuwa na kipande kimoja kirefu, injini ikafika mwisho ikawa inakata tatatata, akalazimika kuingiza gia ya tatu kwa sekunde moja na nusu halafu arudi ya pili huku anafunga breki kuingia kwenye slalomu, zile koni za mstari mmoja unazopita kwa kupinda kushoto na kulia. Akairudisha kwa pupa, tairi za nyuma zikajifunga kidogo, gari likazunguka likatazama lilikotoka. Hakuna aliyeumia, hakuna kilichovunjika, ila koni sita zililala.

Hapo ndo akasema haya, tufanye unavyotaka.

Tulichofanya kwanza ni kurudisha gari nyuma. Supachaja nje, hewa ya kiwandani, mapu ya kiwandani, difu ya 3.42. Inauma lakini huwezi kupima kitu wakati vitu sita vinabadilika kwa pamoja, unakuwa mganga siyo fundi. Na kuna faida ya pembeni ambayo wengi hawaiangalii: supachaja ilikuwa imetuhamisha kundi, kutoka kwa magari yaliyobadilishwa kidogo mpaka kwa wale waliochana magari yao kila kitu, ambako kuna watu wana magari ya kilo 900 na mabawa kama meza ya kulia. Kuitoa kulituondoa huko. Kabla hujanunua hata bolti soma kitabu cha kanuni, amua unataka kushindana na nani, halafu ndo ujenge gari. Sisi tulianzia mwisho.

Kisha tairi. Tairi zilizokuwepo zilikuwa na mtindo wa kiwandani, 265 mbele na 295 nyuma, na zilikuwa za zamani, nzuri kwa macho lakini ngumu kama soli. Tukaweka za daraja la 200 (namba ya kulika kwa tairi, ikiwa ndogo tairi ni laini), zile laini zaidi zinazoruhusiwa kwenye makundi ya tairi za barabarani, nyuma 315 kwenye rimu ya inchi 11 na mbele 295 kwenye inchi 10.5, mbele ilibidi tuchezee kidogo kingo za fenda. Hii peke yake, bila kingine chochote, ilitutoa kwenye kuachwa 0.6 mpaka kuwa sawa na Miata. Mashindano ya kwanza tu. Sina mengi ya kusema hapo, ni tairi, na ilitakiwa iwe ya kwanza.

Upepo sahihi wa tairi tuliupata kwa chaki. Unachora mstari wa chaki kutoka kwenye bega la tairi mpaka ubavuni, unapiga raundi, unarudi unaangalia chaki imefutika mpaka wapi. Ikifutika mpaka ubavuni tairi inalala, ongeza upepo. Isipofutika hata begani upepo umezidi, punguza. Tulipoanza chaki ya tairi ya mbele ilikuwa imefutika hadi kwenye maandishi ya ubavuni kabisa, yaani lile gari lilikuwa linakata kona kwa kutumia ubavu. Tukadhani ni upepo, tukaongeza, tukaongeza tena, katikati ya tairi ikaanza kupata moto kuliko pembeni na bega bado linalika. Ndipo tukajua siyo upepo, ni alaimenti, yaani jinsi tairi zilivyopangwa kusimama, ile kamba (siyo ya kufungia mbuzi, ninamaanisha tairi kulala ndani kwa juu) ilikuwa chini ya digrii moja, imewekwa kwa ajili ya safari na tairi kudumu. Tukaipeleka digrii 2.6 mbele na 1.8 nyuma, na tairi za mbele zikaachwa zitazame nje kidogo sana ili pua iitike haraka. Kwenye barabara kuu gari likawa linatangatanga kama mbwa anayenusa, kwenye koni likawa kisu.

Shokapu zilikuja baada ya hapo. Hapa nitakuwa mfupi maana tulibahatisha sana, ila kosa letu lilikuwa kudhani ngumu ndo ya mashindano. Tulikaza zote mpaka mwisho, na kwenye lami yenye mabaka gari likawa linaruka, tairi inagusa inaachia inagusa inaachia, na ikiwa hewani haishiki kitu. Kila tulipolegeza za nyuma gari lilikuwa na kasi zaidi, na dereva alikuwa anasema linaonekana la pole. Nilijifunza kutomuuliza dereva gari lina kasi au halina. Namuuliza linamtisha wapi.

Kitu kimoja kilitaka kutuua injini. Tairi zilipoanza kushika vizuri kuna kona moja ndefu ya kushoto nikaona kwenye data presha ya oili inashuka kwa nusu sekunde hivi. Mwanzo nilidhani ni sensa. Kumbe gari likishika kona kwa nguvu na muda mrefu oili yote inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na pampu inavuta hewa. Hiyo ni kwa sampu yoyote ya kawaida, ndo maana C6 Z06, kizazi kilichofuata, ilipokuja 2006 ilikuja na drai sampu kabisa, ambayo oili inakaa kwenye tanki la pembeni. Wakati tairi zetu zilikuwa mbovu tatizo halikuwepo maana gari halikuwa na uwezo wa kumwaga oili upande wowote. Tukaweka vizuizi ndani ya sampu na tukawa tunazidisha oili kama nusu lita siku ya mashindano, geji ikatulia. Ukijenga gari la koni weka sensa ya presha ya oili kwanza kabla ya stika.

Na dereva. Mwenye gari alikuwa anatembea njia mara moja tu, tena huku anapiga stori na watu. Tukamwekea sharti, mara tatu, peke yake, na mara ya tatu anatembea anatazama koni mbili mbele ya ile aliyopo. Alilalamika. Lakini kwenye slalomu ukiitazama koni iliyo mbele yako umeshachelewa, na kwa gari kama hili kuchelewa koni ya kwanza kunazidi koni ya pili, ya tatu unaipita kwa dua, ya nne unaigonga. Alipoanza kutazama mbali mikono ikapungua kasi, na mstari wa pedali ukaanza kufanana na ngazi.

Mashindano ya mwisho ya msimu uliofuata: Miata 46.2, sisi 45.3, safi, hakuna koni. Kutoka kuachwa 1.4 mpaka kumuacha 0.9, kwa injini ileile iliyokuja na gari, haijafunguliwa. Jamaa wa Miata alikuja akazunguka gari mara mbili akauliza tumeweka nini, nikamwambia tumetoa.

Muda wa mguu chini kabisa siku hiyo ulikuwa sekunde 17. Na kwenye kile kipande kirefu, mwenye gari amerudi anasema palepale, gari linataka nguvu kidogo. Nikafungua laptopu nikiwa nimeshajiandaa kumcheka. Sekunde tatu nzima pedali iko chini, usukani umenyooka, tairi hazitelezi hata kidogo, na spidi inapanda taratibu kuliko tairi zinavyoweza kupokea. Safari hii data inakubaliana naye. Sasa hivi tunabishana kuhusu kamshafti (shafti inayofungua valvu za injini) na ekzosi mpya, kitu cha kupanda taratibu bila kushtua, na tunasoma kanuni kwanza kuona kama tutabaki kwenye kundi letu. Supachaja bado iko kwenye boksi lake.